Ada ikifutwa, daftari la zahanati linaona nini?

Machi 2001, siku chache kabla ya uchaguzi wa rais, Uganda ilifuta ada kwenye vituo vya afya vya serikali. Isipokuwa kwenye wodi za kulipia hospitalini, mgonjwa hakutakiwa tena kutoa hela ndipo aonwe na kupewa dawa.

Je, ilisaidia? Sera ikija ghafla hivyo, huwezi kurudi nyuma ukawahoji wagonjwa wa mwaka jana. Lakini kila kituo kina daftari. Mhudumu anaandika umri, ugonjwa, kama mtu amekuja mara ya kwanza au ni marudio, na mwisho wa mwezi anajumlisha na kupeleka wilayani. Wengi huiona kazi hiyo ni makaratasi tu.

Watafiti walichukua hesabu hizo kutoka vituo 78 katika wilaya 10. Baada ya ada kufutwa, wagonjwa wapya kwa mwezi waliongezeka kwa asilimia 53.3. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, ongezeko lilikuwa asilimia 27.3.

Usipige makofi bado. Machi ndiyo mvua zinaanza sehemu nyingi za Uganda, na mvua ikija, mbu wanakuja. Ukilinganisha Februari na Mei, huenda unapima malaria, si ada. Ndiyo maana unahitaji miezi mingi ya nyuma: uone mstari ulikuwa unaelekea wapi na unapanda lini kila mwaka, kisha uulize kama ulivunjika pale pale sera ilipoanza.

Kuna jambo jingine linalokuna kichwa. Chanjo, kliniki ya wajawazito na uzazi wa mpango navyo viliongezeka, ilhali siku zote vilikuwa bure! Labda mama aliyemleta mtoto mwenye homa alimchanjia na mdogo wake hapo hapo. Au labda kulikuwa na kitu kingine kinachobadilika wakati ule ule. Mimi naegemea la kwanza, ila daftari peke yake haliwezi kuamua.

Kingesaidia jirani ambaye hakubadilika, na Uganda ilibadilika nchi nzima kwa mpigo. Jimbo la New Hampshire, Marekani, lilikuwa naye. Mwaka 1981 bima ya serikali kwa maskini, Medicaid, iliweka kikomo pale: dawa tatu tu kwa mwezi, ya nne ujilipie. Jimbo la New Jersey halikuweka kikomo. Kwa kutumia madai ya malipo ya bima, yaani karatasi za kawaida kabisa, watafiti waliona kwamba wazee wagonjwa wa New Hampshire waliokuwa wakitumia dawa nyingi walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuishia kwenye nyumba za kutunzia wazee kuliko wenzao wa New Jersey. Baada ya miezi 11 kikomo kiliondolewa na matumizi ya dawa yakarudi karibu na yalivyokuwa. Wazee waliokwisha kuhamishwa, wengi wao hawakurudi nyumbani.

Madai ya bima yana faida moja: yanamfuata mtu yule yule mwezi hadi mwezi. Majumlisho ya kituo yanahesabu ziara tu. Na kuna mahali hayafiki kabisa, nako ni duka la dawa la mtaani. Kwa Uganda ilibidi kutazama tafiti za kaya za 1997, 2000 na 2003. Zilionyesha kuwa maskini walitibiwa zaidi baada ya ada kufutwa, lakini kaya maskini zilizoelemewa na gharama za matibabu hazikupungua. Maelezo ambayo watafiti waliyapa uzito ni kwamba dawa ziliisha mara kwa mara vituoni, watu wakaenda kununua kwa watu binafsi.

Kwa hiyo mimi nikipewa takwimu za sera kama hii, kitu cha kwanza nitakachoomba ni kadi za stoo ya dawa. Daftari la wagonjwa litaniambia mama alifika Jumanne. Kadi itaniambia kama Jumanne hiyo dawa ya malaria ilikuwepo.