Anayeshika mwiko naye asikie ushauri wa daktari

MZEE anatoka kliniki akiwa na tembe mfukoni na maagizo ya daktari kichwani: apunguze chumvi, aepuke mafuta mengi, atembee kila siku. Anapofika nyumbani anakuta chakula kiko mezani, na mchuzi umetiwa chumvi kama jana na juzi. Afanyeje? Akilalamika ataambiwa ni mchaguzi. Akinyamaza itambidi ale. Wengi hunyamaza.

Hivi ndivyo ushauri mwingi unavyopotelea njiani kati ya hospitali na jikoni. Mgonjwa ameelezwa yote, lakini si yeye apikaye wala si yeye aendaye sokoni. Ndiposa yafaa mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari aandamane na mtu wa nyumbani kwake anapokwenda kupewa ushauri nasaha.

Tatizo hili si la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu. Mara nyingi ugonjwa huu hauna dalili. Mtu hujiona mzima kumbe mishipa inaumia, hadi siku apatwapo na kiharusi, au moyo na figo zinapoharibika.

Nani aje?

Anayefaa zaidi ni yule anayepika au anayenunua chakula, awe mke, mume, binti au mfanyakazi wa nyumbani. Hata hivyo, idhini ya mgonjwa hutangulia. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inalinda siri ya mgonjwa, kwa hivyo mhudumu amuulize kwanza wakiwa wawili tu: "Mzee, chakula nyumbani hupikwa na nani? Ungependa tuzungumze naye?" Akikataa, aheshimiwe. Huenda ana sababu ambazo hayuko tayari kuzieleza.

Akikubali, wote wawili waelezwe jambo moja kwa lugha moja. Jamaa naye apewe nafasi ya kuuliza, maana ndiye ajuaye bei za sokoni na yanayopendwa na watoto. Kisha wachague mabadiliko mawili au matatu wanayoyaweza, na watakaporudi kliniki waeleze yaliyofaulu na yaliyowashinda.

Pakiti ya chumvi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai. Anayepika anaweza kupima hivi: katika nyumba ya watu wazima watano, pakiti ya nusu kilo haifai kumalizika kabla ya siku 20. Watoto huhitaji chumvi kidogo zaidi. Isitoshe, mkate na viungo vya mchuzi vya pakiti huwa tayari vina chumvi, kwa hivyo ni bora pakiti hiyo idumu zaidi.

Punguza kidogo kidogo. Baada ya majuma machache ulimi huzoea. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na dania huongeza ladha bila chumvi. Chombo cha chumvi nacho kiondolewe mezani.

Usimpikie mgonjwa sufuria yake peke yake. Akitengewa chakula atajiona ametengwa, na punde si punde atakula kwingine kwa siri. Chakula kinachomfaa mgonjwa kinawafaa na wenzake, hasa watoto wake, kwa kuwa shinikizo la damu na kisukari huandama jamaa za ukoo mmoja.

Msaada si ulinzi

Jamaa wengine hugeuka askari: humkaripia mgonjwa mbele ya wageni na kuhesabu kila kipande cha nyama anachokula. Karipio humfanya mtu afiche. Mwandalie matunda badala ya soda, tembea naye jioni, mkumbushe siku ya kliniki. Zaidi ya yote, usimwambie aache tembe kwa sababu anaonekana amepona. Anayestahili kubadilisha dawa ni daktari.

Wasioweza kufika kliniki pamoja wanaweza kuzungumza na mhudumu wa afya wa kijijini. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua ugawaji wa vifaa kwa wahudumu wa jamii wapatao 100,000, vikiwemo vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Hao huingia nyumbani, mahali mwiko ulipo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku yako ya kliniki ikifika tena, mwombe anayekupikia mwende pamoja.