Kimyanga Huanzia Pale Protini Inapoanzia

Ukishika barabara ya Cibitoke na kuuacha uwanja wa ndege wa Bujumbura, haupiti muda unakutana na majaruba ya Gihanga. Kwa mbali mpunga wote ni kijani kimoja. Panda tuta, inama, shika jani la shina lililodumaa kuliko wenzake: utaona vidoa na michirizi ya njano iliyofuata mishipa ya jani, na shuke lililokwama nusu ndani ya ala yake. Hata likichomoza, sehemu kubwa ni mapepe. Wakulima wa Tanzania huuita ugonjwa huu kimyanga.

Ile njano hudanganya. Mtu hudhani mpunga una njaa ya naitrojeni, akaongeza mbolea, na fedha yake ikapotea. Kinachougua hapo ni kazi ya ndani kabisa ya mmea: utengenezaji wa protini. Mhusika ni kirusi kilichoonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu, Kenya, na kikaenea katika nchi nyingi za Afrika, Burundi ikiwemo. Uzi wake wa RNA una herufi zipatazo 4,450 tu. Umebeba maagizo ya protini chache, lakini hauna hata ribosomu moja, yaani kile chombo cha seli kinachosoma maagizo na kuunganisha asidi amino kuwa protini. Asipoazima za mpunga, kirusi hana maisha.

Kuazima huko si kwepesi, kwa sababu ribosomu haianzi kazi yenyewe. Uzi wa RNA wa mmea unaobeba maagizo ya protini kwa kawaida huvaa mwanzoni kifuniko cha kikemia ambacho wataalamu wanakiita kofia. Protini ndogo iitwayo eIF4E huishika kofia hiyo. Nyingine kubwa, eIF4G, humshika eIF4E kwa upande mmoja na kwa upande mwingine huwavuta wasaidizi wanaoileta ribosomu. Ni kama boti inayotia nanga bandari ya Bujumbura: shehena haishuki kabla kamba haijafungwa. Protini hizi za mwanzo huitwa vianzishi, na hapo ndipo mmea unapoamua kitengenezwe nini, kiasi gani, na lini.

Uamuzi huo una gharama. Kuunganisha asidi amino moja tu hutumia vifungo vinne vya fosfati vyenye nishati. Mto Ruzizi unapofurika, mizizi ikakosa oksijeni na nishati ikapungua, mmea hupunguza uanzishaji wa protini nyingi na kuacha zile chache za kuvumilia maji. Asidi amino zikiadimika, kimeng'enya GCN2 hukibandika fosfati kianzishi kingine, eIF2, na kasi ya kazi ikashuka. Dawa ya magugu ya glaifosati, ambayo huzuia mmea kutengeneza baadhi ya asidi amino, humwamsha GCN2 huyo huyo. Mamalia wana vimeng'enya vinne vya kukibandika fosfati kianzishi hicho. Kwa mimea anajulikana huyu mmoja.

Jambo ninaloliona la ajabu zaidi ni kwamba mimea inayotoa maua ina jozi mbili za kushika kofia. Kando ya eIF4E na eIF4G kuna ndugu zao, eIFiso4E na eIFiso4G. Karen Browning, wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, ametumia miaka mingi kuzichambua, hasa kwa kutumia kiini cha mbegu ya ngano. Jozi hizi husaidiana kwa kiasi kikubwa, hivyo moja ikibadilika kidogo mmea hautetereki sana. Kirusi, ambaye mara nyingi huzoea jozi moja, ndiye anayekwama.

Kirusi cha kimyanga hakina kofia. Mahali pake kimefunga protini iitwayo VPg, nayo hujishikiza kwa eIFiso4G ya mpunga. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kuwa jeni ya eIFiso4G ndiyo siri ya Gigante, mpunga wa Msumbiji usioshikwa na kimyanga kirahisi. Katika nafasi ya 309 ya protini hiyo, asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi, imeipisha lisini, yenye chaji chanya. Basi. VPg inateleza, mpunga unaendelea na shughuli zake. Hakuna sumu wala silaha mpya iliyoongezwa.

Kinga ya namna hii hujificha. Mmea unaihitaji kutoka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo ukimchanganya Gigante na aina inayopendwa sokoni, kizazi cha kwanza chote kitaugua. Mzalishaji mbegu asiye na subira ataitupa kazi yake hapo. Tena kirusi nacho hubadilika: badiliko katika nafasi ya 48 ya VPg limewahi kukiwezesha kushika hata eIFiso4G ya Gigante. Kwa hiyo mbegu haimwondolei mkulima kazi ya kung'oa maotea na kuosha mundu, maana kirusi husambaa kwa utomvu kupitia mikono, zana, mifugo, na wadudu wenye mabawa magumu wanaotafuna majani. Kwa mbegu hakipiti.

Muhogo ni mtihani mwingine. Virusi vya michirizi ya kahawia navyo vina VPg, lakini hufuata upande wa eIF4E, na muhogo una protini tano za ukoo huo. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi ya watafiti waliohariri jeni za mbili kati ya hizo, nCBP-1 na nCBP-2, kwa mbinu ya CRISPR. Dalili zilipungua, hasa kwenye mizizi, lakini virusi havikutoweka. Tatu zilizobaki zilikuwa bado zinafanya kazi, na kuzizima zote ni kuunyima muhogo wenyewe njia ya kutengeneza protini zake.