Ugonjwa wa Bipola Katika Kazi Nzito

Ugonjwa wa bipola, ambao ni ugonjwa wa akili unaomtoa mtu katika hali yake ya kawaida na kumpeleka kwa vipindi kwenye mania, yaani msisimko uliopita kiasi, na kwa vipindi vingine kwenye sonona, yaani huzuni nzito inayoondoa nguvu na hamu ya kuishi, aghalabu huanza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima, wakati uleule ambapo mtu anamaliza masomo na kuanza kujijengea jina kazini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa wakiishi nao.

Ugumu wake mkubwa kazini ni kwamba mwanzo wake hufanana na sifa njema. Mtu aliyeingia katika haipomania, ambayo ni mania ya kiwango cha chini isiyomlazimu kulazwa hospitalini, hulala saa chache bila kuhisi uchovu, hubuni mambo mapya mfululizo na kukubali kila jukumu, na mwajiri asiyejua kinachoendelea humpongeza na kumwongezea kazi. Hali hiyo ikipanda hadi mania kamili, mawazo hukimbia hadi hayashikiki, fedha hutapanywa, na wengine huona au kusikia visivyokuwapo. Kisha huja sonona, na yuleyule aliyepongezwa huitwa mvivu. Dhuluma hii ina madhara ya kitabibu pia, kwa sababu mgonjwa anapofika kwa daktari hueleza huzuni tu, bila kuutaja ule msisimko uliomletea sifa, na anaweza kuandikiwa dawa za sonona peke yake, ambazo kwa mwenye bipola zinaweza kuamsha mania.

Kwamba elimu pekee haimkingi mtu kunaonekana wazi katika maisha ya Kay Redfield Jamison, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1974 aliajiriwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na baada ya miezi michache tu akapatwa na mania kali. Ingawa maradhi ya hisia yalikuwa ndiyo taaluma yake, alikuwa akiacha dawa mara kwa mara, kwa kuwa aliukumbuka msisimko kwa shauku na kwa kuwa dozi kubwa aliyopewa ilimnyima utulivu wa kusoma vitabu, jambo ambalo kwa msomi ni hasara isiyo ndogo. Katika sonona iliyofuata alijaribu kujiua. Baada ya kushikamana na tiba, aliandika pamoja na Frederick Goodwin kitabu kikubwa cha kitabibu kuhusu ugonjwa huo, kilichotoka mwaka 1990, na mwaka 1995, akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akauweka wazi ugonjwa wake katika kitabu *An Unquiet Mind*.

Dawa aliyokuwa akiiacha Jamison ni lithiamu, chumvi ya madini ambayo daktari John Cade wa Australia alichapisha habari za uwezo wake wa kutuliza mania mwaka 1949. Kiwango chake kinachotibu hakiko mbali na kinachodhuru, hivyo damu hupimwa mara kwa mara, pamoja na utendaji wa figo na wa thairoidi, ambayo ni tezi ya shingoni. Kuharisha, kutokwa jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, na hata vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki vinaweza kukipandisha hadi kuwa sumu, na kwa hiyo mfanyakazi wa juani anapaswa kumweleza daktari wake kazi anayoifanya.

Pamoja na dawa, kinachohitaji kulindwa zaidi ni usingizi, kwa sababu kukesha kunaweza kuanzisha mania, na ndiyo maana kumwondoa mgonjwa katika zamu za usiku kusihesabiwe kuwa upendeleo. Anahitaji pia mtu anayemwamini, nyumbani au kazini, mwenye ruhusa ya kumwambia kwamba amebadilika, kwani mania humfanya mtu ajione mzima kuliko wote. Jamison mwenyewe, akiwa na akili timamu, alikubaliana mapema na daktari wake na jamaa zake kwamba akirudiwa na sonona kali wana mamlaka ya kuidhinisha alazwe na kutibiwa, hata kama wakati huo yeye atakataa.