Barbados kwa Meli: Kisiwa cha Kulala, si cha Kupitia

Kaunti ya Nakuru inaweza kukimeza kisiwa cha Barbados mara 17 na bado nafasi ikabaki. Kisiwa hicho kina kilomita za mraba 431 tu: urefu wake kilomita 34, upana wake 23. Kilele chake cha juu kabisa, Mount Hillaby, hakifiki hata mita 350 kutoka usawa wa bahari. Mkazi wa Kamere amezoea kuishi kando ya Ziwa Naivasha kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, hivyo hata akipanda juu ya kilele hicho atakuwa ameshuka zaidi ya mita 1,500 kutoka nyumbani. Lakini nchi hii ndogo, yenye watu wapatao 280,000, ina bunge tangu 1639, imemzaa Rihanna, imemzaa Garfield Sobers, bingwa wa kriketi wa enzi zake, na kila mwaka hupokea mamia ya maelfu ya abiria wa meli za kitalii.

Wengi wa abiria hao hukaa Barbados kwa saa chache tu. Meli huingia bandari ya Bridgetown asubuhi, huondoka jioni, na usiku huo huo iko njiani kwenda kisiwa kingine. Anayepanga safari ya Karibi hana budi kulitafakari jambo hili kabla ya kutazama picha za mabwawa ya kuogelea na ukumbi wa muziki, kwa sababu meli nzuri kupita zote inaweza kumpitisha mtu katika nchi bila kumwonyesha nchi yenyewe.

Wakenya wanaufahamu mtindo huu kutoka upande wa pili. Januari 2024 meli ya Norwegian Dawn ilitia nanga Mombasa ikiwa na abiria zaidi ya 2,000. Abiria wa meli kama hizo hupelekwa Fort Jesus au mbuga ya Tsavo, kisha hurudishwa bandarini kabla ya nanga kung'olewa. Naivasha, Nakuru na Bonde la Ufa zima hubaki nje ya ziara yao, nao hurudi kwao wakisema wameiona Kenya.

Safari za meli katika Karibi hugawanywa kwa pande. Za magharibi hutoka Florida na kuelekea Cozumel nchini Meksiko, Grand Cayman na Jamaika. Za mashariki hupita Bahama, St Thomas na St Maarten. Za kusini ndizo zinazofika Barbados, pamoja na St Lucia, Grenada, Aruba na Curaçao. Barbados iko mashariki kabisa ya safu ya visiwa hivyo, imejitenga ndani ya Atlantiki, na meli inayotoka Miami kwa safari ya siku saba mara nyingi haina muda wa kufika huko na kurudi. Anayeitaka Barbados atafute meli zinazoanzia San Juan, Puerto Rico, au zinazoanzia Bridgetown kwenyewe. Kampuni ya Uingereza ya P&O, kwa mfano, huwasafirisha abiria wake kwa ndege hadi Barbados wakati wa baridi ya Ulaya, wakapande meli pale pale.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, bandari ya kuanzia ni jambo zito. Barbados, Jamaika na Bahama hazimdai Mkenya viza ya matembezi. Marekani inamdai, na atakayepanda meli Miami au San Juan lazima awe na viza inayomruhusu kuingia Marekani zaidi ya mara moja, kwa kuwa meli ikirejea ni kama anaingia nchi upya. Wapo waliolipa nauli ya meli kwanza, wakapanga foleni ya ubalozi baadaye, na fedha zao zikapotea. Anayeanzia Bridgetown huikwepa foleni hiyo, ila akipitia London sharti aulize mapema masharti ya viza ya kupita njiani, na aulize pia kuhusu kila kisiwa ambacho meli itagusa: Martinique iko chini ya Ufaransa, Puerto Rico na St Thomas ziko chini ya Marekani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike nyumbani, maana Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo.

Kisha kuna swali la meli yenyewe. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, ina urefu wa mita 365 na sitaha 20, na inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000 pamoja na wafanyakazi zaidi ya 2,000. Huo ni mji mzima unaoelea. Watoto huipenda, na familia kubwa hupata kila kitu ndani yake. Lakini abiria elfu kadhaa wakishuka kwa pamoja kwenye kisiwa kidogo, foleni za teksi hujaa na ufuo hujaa. Meli ndogo za abiria mia chache hugharimu zaidi kwa kila usiku, hutikisika zaidi kwenye mawimbi, na huingia bandari ndogo ambazo majitu hayo hayawezi kuzikaribia. Mahali pengine, kama Grand Cayman, hakuna gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa mashua ndogo, na bahari ikichafuka nahodha huamua kupita bila kusimama. Hilo limo katika maandishi ya tiketi, na fedha za nauli hazirudi.

Orodha ya vituo nayo isomwe kwa makini. Baadhi ya "visiwa" vilivyomo ni mali ya kampuni za meli, au vimekodiwa nazo. CocoCay huko Bahama ni ya Royal Caribbean. Labadee, kwenye pwani ya kaskazini ya Haiti, ni eneo lililozungushiwa uzio ambalo kampuni hiyo hiyo imelikodi tangu miaka ya 1980. Wakenya waliofuatilia habari za polisi wao waliotua Port-au-Prince Juni 2024 watashangaa kujua kwamba kwa miaka mingi maelfu ya watalii waliogelea katika nchi hiyo hiyo bila kukanyaga mtaa wake hata mmoja, mpaka machafuko yalipoilazimisha kampuni kusimamisha safari. Siku iliyopitishwa mahali kama hapo ni siku ya ufuo, na mwenye kupenda ufuo tu hatajuta. Mwenye kutaka kuijua nchi ya watu ahesabu siku hiyo kama siku ya baharini.

Nauli inayotangazwa hulipia chumba, chakula cha ukumbi mkuu na burudani za jioni. Vinywaji, intaneti, bahshishi za wafanyakazi zinazokatwa kila siku, matembezi ya nchi kavu, bima na tiketi ya ndege huja juu yake. Anayesafiri peke yake mara nyingi hutozwa karibu nauli ya watu wawili, kwa kuwa vyumba huuzwa kwa jozi. Mwenye kulewa bahari achague chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Roshani nzuri ya juu kabisa haitamfaa akiwa amelala na ndoo kando ya kitanda.

Msimu ni jambo jingine. Miezi ya kiangazi Barbados ni kuanzia Desemba hadi Mei, na hapo ndipo meli hujaa na bei hupanda. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Kwa kuwa kisiwa kiko mbali upande wa mashariki, vimbunga vingi hukikosa, ila si vyote. Tarehe 1 Julai 2024 Kimbunga Beryl kilipita kusini mwake, na mawimbi yakavunja na kuzamisha mashua nyingi za wavuvi palipo na soko la samaki la Bridgetown. Wavuvi wa Kamere na watu wa mtaa wa Kihoto, ambao wameyaona maji ya Ziwa Naivasha yakiingia hadi milangoni, hawahitaji kuelezwa hasara hiyo ina maana gani kwa familia.

Basi mgeni akishuka Bridgetown anakuta nini?

Kwanza anakuta mji unaotembeleka kwa miguu. Kutoka bandarini hadi katikati ya mji ni mwendo mfupi, ukipita vibanda vya mafundi wa Pelican Village. Mji wa kale na kambi yake ya kijeshi viliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011. Magari hushika kushoto kama Kenya. Dola mbili za Barbados ni sawa na dola moja ya Marekani, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1975. Maji ya bomba hunyweka, kwa kuwa karibu kisiwa chote ni mwamba wa matumbawe na mvua huchujwa ndani yake kabla ya kufikia visima. Mwamba huo huo ndio uliotoboka ukawa Harrison's Cave, pango linalotembelewa kwa gari maalumu chini ya ardhi.

Mgeni aliyezoea matatu za Naivasha hatapata shida ya usafiri. Mabasi madogo meupe yenye mstari mwekundu wa damu ya mzee, yanayoitwa ZR kwa herufi za namba zao, hupiga muziki kwa sauti, hushindana barabarani na hubeba watu kwa dola 3.50 za huko. Teksi hazina mita, hivyo bei ipatanwe kabla ya mlango kufungwa. Lipo onyo moja zaidi: nguo za rangi ya kijeshi haziruhusiwi kwa raia, hata kwa mtoto mdogo. Na ufuoni, mti wenye alama nyekundu kwenye shina usiguswe. Huo ni manchineel, ambao utomvu wake huunguza ngozi. Hata kujikinga mvua chini yake ni hatari.

Chakula cha taifa kitamgusa Mwafrika wa Mashariki moja kwa moja. Cou-cou hupikwa kwa unga wa mahindi na bamia, ukakorogwa mpaka ushikane, kisha huliwa na samaki warukao waliopikwa kwa mchuzi wa nyanya na vitunguu. Mlaji wa ugali na samaki wa Kamere atakaa mezani bila kufundishwa. Shelisheli, viazi vitamu na mihogo viko kila soko.

Undugu huo una chanzo chake, nacho ni kichungu. Waingereza walihamia Barbados mwaka 1627, na kuanzia miaka ya 1640 wakaifunika kwa miwa iliyolimwa na Waafrika waliotekwa, wengi kutoka Afrika Magharibi. Sheria ya mwaka 1661 iliwageuza watu hao kuwa mali ya mwenye shamba, na makoloni mengine ya Kiingereza yakaiiga. Jumapili ya Pasaka ya Aprili 1816 watumwa wakaasi, na jina la Bussa, mmoja wa viongozi wao, limebaki kuwa la shujaa wa taifa. Utumwa ulifutwa mwaka 1834. Katika shamba la zamani la Newton kuna uwanja walikozikwa watumwa wapatao 570 bila jiwe wala jina. Matembezi mengi yanayouzwa ndani ya meli huwapeleka watu kuonja ramu katika majumba ya mabwana; Newton hupata wageni wachache zaidi, na msafiri kutoka Afrika hapaswi kupakosa.

Sanamu ya Nelson, admirali wa Uingereza, iliondolewa uwanja wa mashujaa Bridgetown Novemba 2020. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Novemba 2021, nchi iliachana na ufalme wa Uingereza ikawa jamhuri, miaka 55 kamili baada ya uhuru wake, na Sandra Mason akaapishwa kuwa rais wa kwanza. Usiku huo huo Waziri Mkuu Mia Mottley alimtangaza Rihanna kuwa shujaa wa taifa. Leo miwa imepungua sana na utalii ndio unaolisha kisiwa. Kwa watu wa Kamere, ambao riziki yao hufuata bei ya waridi huko Ulaya, haitakuwa vigumu kuelewa wasiwasi wa nchi inayotegemea wanunuzi walio ng'ambo.

Na hapa hoja ya meli inarudi na uzito wake. Ijumaa usiku, katika kijiji cha wavuvi cha Oistins upande wa kusini, samaki huchomwa hadharani, muziki hupigwa, na wenyeji na wageni hukaa meza moja mpaka usiku wa manane. Meli nyingi huwa zimeshaondoka. Crop Over, sherehe iliyozaliwa mwisho wa mavuno ya miwa, hufikia kilele Jumatatu ya kwanza ya Agosti, wakati ambapo meli nyingi zimehamia bahari nyingine. Mambo mawili ambayo Wabarbados wenyewe huyapenda zaidi humpita abiria wa saa chache.

Mwenye uwezo wa safari hii achague meli inayoanzia au kuishia Bridgetown, na kabla ya kulipa aweke kando siku tatu au nne za nchi kavu, Ijumaa ikiwa mojawapo, katika nyumba ya wageni ya mwenyeji. Visiwa vingine avione kwa meli, kwa kuwa ndege kati yavyo ni ghali na kutoka Barbados hadi St Lucia meli hufika kwa usiku mmoja. Fedha zikimruhusu kuchagua kimoja tu kati ya chumba chenye roshani na siku hizo za Barbados, achukue chumba kisicho na dirisha.