Wimbo Ule Hauhusu Kusilimu

Ramadhani ikikaribia na kaswida za Yusuf Islam zikianza kusikika, swali lilelile hunifikia: je, ni kweli aliutunga "Father and Son" baada ya babake kumkataa kwa kusilimu? Safari hii limeletwa na kivideo chenye msimulizi wa sauti nzito na picha ya mzee mwenye masharubu ambaye hata sijui ni nani.

Si kweli, wala haiwezekani kuwa kweli. Wimbo huo ulitoka mwaka 1970 katika albamu ya Tea for the Tillerman, mwimbaji akiitwa Cat Stevens. Alisilimu Desemba 1977, akabadili jina mwaka uliofuata. Miaka saba! Hivi kuna mtu anayelilia ugomvi ambao bado haujatokea?

Ukiwabana hapo, wanahamia toleo la pili: basi waligombania mgahawa. Hili halifi kwa sababu nusu yake ni kweli. Babake, Stavros Georgiou, Mgiriki wa Kupro, alikuwa na mgahawa katikati ya London. Familia iliishi juu yake na mtoto alisaidia kuhudumia wateja. Lakini mwenyewe alishaeleza zamani kwamba babake alimwacha afanye alichotaka. Ugomvi uko wapi?

Uko Urusi. Baada ya kifua kikuu kumlaza hospitalini kwa miezi, Stevens alianza kuandaa mchezo wa jukwaani wa nyimbo pamoja na mwigizaji Nigel Hawthorne. Waliuita Revolussia, na ulihusu mapinduzi ya Urusi. Mchezo haukufika popote. Wimbo huu ndio ulionusurika. Baba ni mkulima wa kijijini, na kijana anataka kwenda kujiunga na wanamapinduzi.

Sasa usikilize upya. Yule baba anayemwambia mwanawe atulie, asiwe na haraka, atafute mchumba aoe, siku zote tumemhesabu kuwa mzee king'ang'anizi asiyetaka kijana ajitegemee. Mweke kijijini mwaka 1917, huko nje watu wanauana, uone kama bado utamcheka. Anaogopa kumzika mtoto. Na kijana naye si mtovu wa adabu anayekimbilia mjini kustarehe; kuna jambo analoliamini, na nyumbani hakuna wa kumsikiliza. Tatizo ni kwamba maneno ya wimbo hayataji Urusi, mfalme wala bunduki. Mchezo ulipokufa, ufunguo ulikwenda nao, na kila msikilizaji akamweka baba yake mwenyewe mle ndani. Kwa hilo simlaumu mtu. Ninaowalaumu ni wanaotunga wasifu wa watu kwa kubahatisha, kisha wakausambaza kama historia.

Anayetaka kuusikiliza vizuri afuate sauti. Baba anaimba chini, kijana anapanda juu, mtu ni yuleyule mmoja. Mbele kidogo sauti zinapandiana, kila mmoja akisema lake. Kisha utafutwe ule uliorekodiwa upya mwaka 2020: sehemu ya baba ameiimba akiwa mzee wa miaka sabini na kitu, ya kijana imechukuliwa kwenye onyesho lake la 1970 pale Troubadour, Los Angeles.

Mengine haraka, maana najua yatafuata. "Cat's in the Cradle" si wake, hata kama jina lina paka. Ni wa Mmarekani Harry Chapin, 1974, kutokana na shairi la mkewe Sandy, na mafumbo yake yametoka kwenye mchezo wa watoto wa kusuka uzi vidoleni na mashairi ya kitoto ya Kiingereza. "Baba O'Riley" wa The Who, 1971, haumtaji mzazi yeyote: Baba ni Meher Baba, mwalimu wa kiroho wa India, na Riley ni mtunzi Terry Riley. Kabla ya kunitumia kivideo kingine, tazama kwanza mwaka wa albamu. Mara nyingi umeandikwa nyuma ya jalada.