Mwaka Wangu Huanza Julai

Januari siweki malengo. Ni mwezi wa ada na madaftari, mtu hana hata nafasi ya kucheka. Hesabu zangu nazifunga Julai, wakati wa Mwaka Kogwa kwetu Makunduchi, kusini mwa Unguja. Sherehe hii ina asili ya Nairuz, mwaka mpya wa Kiajemi. Wanaume huchapana kwa migomba, wenye vinyongo wakavimalizia hapo hapo. Wanawake tumejipamba, tunaimba, na nyimbo zenyewe hazimwachi mtu. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto, aliyemo ndani akachomoka mbio.

Jioni, nikishavua kanga mpya, najiuliza: nani nilimnunia bure, na kipi kilinifurahisha? Halafu naandika mambo ya kujaribu, kwa penseli, nyuma ya kalenda ya ukutani. Safari hii nataka kuendesha baiskeli ya mwanangu hadi pwani (kushuka na kuikokota ruhusa), na kupika mkate wa kumimina usiobonyea katikati. Baiskeli ikinichosha, nafuta, naandika kuogelea. Nani atanidai?

Wifi yangu naye kaomba nafasi kwenye kalenda. Kaandika: kulala mchana. Keshaanza.