Mchezo wa Makasha na Haki ya Asiyetembea

Kitendawili!

Tega!

Natazama mbinguni nipate kuona kilichofichwa chini ya jiwe.

Wazee wetu wangalitegewa hicho barazani wangalishindwa, na mtegaji angalidai apewe mji. Lakini vijana wa siku hizi, wenye simu za mkononi, wangalijibu kabla mji haujatolewa. Jawabu lake ni jiokeshi, yaani mchezo wa kutafuta makasha yaliyofichwa, kwa kuongozwa na setilaiti zizungukazo angani umbali wa kilomita zipatazo 20,000 juu ya vichwa vyetu.

Leo, wasomaji wapenzi, sikukusudia kuusifu mchezo huo tu. Nataka tuutazame kwa jicho la mtu ambaye miguu yake haimtii. Kwani mchezo unaosemwa kuwa ni wa kila mtu, yafaa tuuulize: huyo kila mtu ni nani?

Kwanza tuijue asili yake. Setilaiti hizo ni za serikali ya Marekani, na zilirushwa kwa ajili ya majeshi. Raia waliruhusiwa kuzitumia, lakini alama zao ziliharibiwa makusudi, hata mtu akaweza kupotezwa kadiri ya mita 100. Mei 1, 2000, Rais Bill Clinton alitangaza kwamba uharibifu huo utakoma usiku ule ule. Kulipokucha, vyombo vya raia vilikuwa vikionyesha mahali kwa usahihi mkubwa zaidi kuliko jana yake.

Siku mbili baadaye, Mei 3, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alikwenda msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akaficha ndoo. Ndani yake alitia vitabu, fedha kidogo, panda ya kurushia mawe, na hata mkebe wa maharagwe. Kisha akatangaza kwenye intaneti latitudo na longitudo ya mahali pale, akawaambia watu watafute. Atakayeona achukue kitu na aache kitu. Hazikupita siku nyingi, Mike Teague akaifikia ndoo. Mwezi ule ule Matt Stum akapendekeza jina: "jio" ni ardhi kwa Kiyunani, na "keshi" ni maficho, neno lililotoka kwa Wafaransa. Septemba mwaka huo Jeremy Irish akafungua daftari la makasha katika intaneti, likianza na makasha 75. Leo makasha yamepita milioni 3 duniani, na hata hapa Kenya yamo.

Sheria zake ni chache. Mwenye kasha hulificha, huandika mahali lilipo, na hutia ndani kijitabu. Mtafutaji akiliona hutia sahihi katika kijitabu hicho, na akitaka kuchukua kilichomo huacha chenye thamani sawa au zaidi. Kisha hulirudisha pale pale kwa siri, asionwe na wapita njia. Kasha laweza kuwa kubwa kama ndoo, na laweza kuwa dogo kama ncha ya kidole, lenye sumaku ya kunatia kwenye chuma. Kwa kifupi, ni kombolela ya watu wazima. Ila anayejificha si mtu, ni kasha.

Sasa niwasimulie kisa. Ninaye bin ami yangu ambaye ujana wake wote aliumaliza baharini. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, na hakuna bandari kubwa asiyoijua. Siku moja alianguka katika ngama ya meli, akavunjika uti wa mgongo, na tangu hapo yu juu ya kiti cha magurudumu. Siku hizi akaa Uingereza kwa binti yake, na mchezo huu amefundishwa na wajukuu. Aliupenda mara moja, na si ajabu. Mtu aliyezoea kuzitafuta bandari kwa nyota, leo atafuta makasha kwa setilaiti; kazi ni ile ile.

Nilipokwenda kumtazama, alinichukua bustanini kutafuta kasha moja. Maelezo yake yalisema njia ni ya nyota moja, yaani tambarare, hata mwenye kiti cha magurudumu aweza kufika. Tukaenda kwa furaha, wajukuu wakitangulia. Njia ilikuwa ya lami, na kiti kikiteleza kama ngalawa yenye upepo wa matanga. Simu ikatuambia: imebaki mita kumi na mbili. Hapo ndipo njia ilipotuacha. Mbele yetu palikuwa na kipandio cha jiwe, kimo chake shibiri moja, na baada yake majani yaliyolowa mvua. Kasha lenyewe lilikuwa limetundikwa katika panda ya mti, juu ya kichwa changu mimi niliyesimama.

Nilipanda, nikalitoa, nikampelekea pamoja na kalamu. Akalitazama, asitie sahihi.

"Lirudishe, ndugu yangu," akaniambia. "Aliyelipata ni wewe."

Nikamwambia, "Hilo ni jambo dogo, sheikh."

Akacheka kicheko kisichokuwa na furaha. "Nimevuka bahari saba," akasema, "na leo kizingiti kimoja kimenishinda. Lakini si kizingiti kilichoniudhi. Huyu bwana angaliandika nyota mbili nisingalikuja, wala nisingalimlaumu. Yeye ameandika moja."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Mlima si dhuluma kwa asiyeweza kuupanda. Mlima ni kazi ya Mola. Dhuluma ni kumwambia mtu njia ni nyofu na hali sivyo, akatoka kwake, akatafutiwa gari, akasukumwa na watoto, kisha akaishia kuwa mtazamaji.

Tuzitazame basi nyota zenyewe. Kila kasha hupewa hesabu mbili, kila moja kuanzia 1 hadi 5, na nusu zimo katikati. Ya kwanza ni ugumu wa kulitafuta: je, limefichwa wazi, au ni lazima kwanza mtu afumbue fumbo? Ya pili ni ugumu wa njia. Njia ya 5 yataka mashua, kamba za kupandia majabali au chombo kingine maalumu. Njia ya 1 ndiyo ya mwenye kiti cha magurudumu. Tena iko alama ya kiti hicho ambayo mwenye kasha aweza kuiweka, pamoja na alama za kuonyesha kama pana mahali pa kuegesha gari, maji ya kunywa na choo karibu. Kwa mtu mzima mwenye miguu, alama ya choo ni pambo. Kwa mlemavu yaweza kuwa ndiyo itakayoamua kama atatoka nyumbani au hatatoka.

Kwa hiyo mizani ipo. Kilichopungua ni uaminifu wa mpimaji, au niseme fikira zake, maana wengi hawakosei kwa ubaya. Mwenye miguu hukadiria njia kwa miguu yake. Akikumbuka alipopita, akumbuka lami. Kipandio cha shibiri hakukiona, kwa kuwa mguu ulikipanda bila ya kumwomba ruhusa.

Na yako makosa matatu yanayorudiwa sana.

Kosa la kwanza ni kuipima njia na kusahau kimo. Aliyekaa kitini hafiki anapofika aliyesimama, wala hawezi kuinama mpaka ardhini. Huko Marekani, ambako sheria ya watu wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 1990, viwango vya mwaka 2010 vyasema kitu cha kushikwa na mwenye kiti kiwe baina ya sentimita 38 na 122 kutoka chini, na pasiwe na kizuizi mbele yake. Viwango hivyo vyataka pia mteremko wa kupandishia kiti usizidi kimo cha kipimo kimoja kwa urefu wa vipimo kumi na viwili, na njia iwe na upana wa sentimita 91 au zaidi. Hivyo viliwekwa kwa ajili ya majengo, si kwa michezo. Lakini mwenye kuficha kasha na futi yake mkononi, ni elimu ya bure.

Kosa la pili ni kusahau kwamba setilaiti nazo hukosea. Hata leo chombo chaweza kukupeleka kando ya shabaha kwa mita kadhaa, hasa chini ya miti mirefu au baina ya majumba marefu. Mwenye miguu huzunguka huku na huku, akachungulia kila shina. Mwenye kiti hawezi kuzunguka kichakani. Kwa hiyo haitoshi pale penye kasha pawe tambarare. Na pale patakapotafutwa pawe hivyo hivyo. Na hapa ndipo kidokezo kinapofaa. Wachezaji huandika kidokezo kwa herufi zilizogeuzwa, kila moja ikiruka nafasi kumi na tatu katika alfabeti, ili asiyetaka kusaidiwa asikisome kwa bahati mbaya. Kidokezo kizuri humwepusha mlemavu na mizunguko isiyo na faida, na hakimwondolei mwingine utamu wake.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba ulemavu ni wa miguu tu. Yuko mwenye mikono inayotetemeka, na kile kikasha cha ncha ya kidole, chenye kifuniko cha kuzungushwa na karatasi iliyokunjwa kama hirizi, kwake ni kufuli. Yuko mwenye macho hafifu. Yuko mzee wa magongo, na yuko mwenye pumu ambaye njia kwake si tatizo bali umbali. Kasha lenye kifuniko cha kubandua, na maelezo yanayosema kweli juu ya urefu wa njia, huwafaa wote hao.

Najua watakaonijibu. Watasema, "Je, tusawazishe dunia nzima? Pasiwe na kasha la mlimani wala la pangoni?" La, hasha. Wapanda milima na wapande. Hakuna anayetaka kila kasha liwe la kila mtu. Kinachotakiwa ni kila mtu awe na makasha yake, na yaandikwe kwa kweli. Mahali pa kuyaweka si haba. Ziko bustani za umma, ziko kingo za maji zilizojengwa, na huko Uingereza na Marekani ziko njia za reli zilizoachwa, zikageuzwa za waendao kwa miguu na baiskeli. Hizo ni hazina kubwa, kwani gari moshi halipandi mwinuko mkali, na alipopita gari moshi kiti cha magurudumu hupita.

Wako pia wanaosema mchezo wa njia rahisi ni mchezo wa kitoto. Hawa wamechanganya hesabu mbili nilizozitaja. Kasha laweza kuwa na njia ya nyota moja na fumbo la nyota tano. Asiyetembea hakuomba asahilishiwe fumbo. Ameomba njia tu. Mshairi hodari hawezi kumficha mtu maana kwa kumfungia mlango wa nyumba. Humficha kwa maneno, na msikizaji akae kitako avunje kichwa. Na mafumbo huvunjwa na kichwa, si na magoti.

Wala jambo hili si la hisani. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu yalikubaliwa mwaka 2006, na kifungu chake cha 30 chazungumzia utamaduni, mapumziko na michezo. Yalianza kutumika Mei 3, 2008, siku ile ile ya mwezi ambayo Ulmer alificha ndoo yake miaka minane kabla. Kenya iliyaidhinisha mwezi huo huo. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yampa mlemavu haki ya kufika mahali pa watu wote. Sisi wa pwani tuna miji ya mawe tunayojivunia, yenye vichochoro, ngazi na vizingiti virefu. Hatuwezi kuibomoa, wala haifai. Lakini atakayeficha kasha huko na aseme kweli: hapa pana ngazi tatu. Dini yetu yatufunza kwamba kuondoa dhara njiani ni katika imani. Na asiyeweza kuliondoa, angalau na alitaje.

Yaliyobaki ni mwisho wa kisa. Bin ami yangu alimwandikia mwenye kasha lile barua ya adabu. Bwana yule hakulihamisha kasha lake. Alibadilisha nyota, ikawa mbili, na akaomba radhi. Bin ami akaridhika kabisa.

Kisha akaficha la kwake. Liko kando ya njia ya lami, kwa kimo cha mkono wa kiti, na kitoto cha miaka mitano chaweza kulifikia. Lakini kabla ya kujua liliko, ni lazima ufumbue fumbo la nyota za mabaharia alilolitunga mwenyewe. Aniambia vijana wenye miguu miwili hupita hapo wakaenda, wakarudi, wakakuna vichwa. Yeye hukaa mbali kidogo na gazeti lake, akawatazama.

Nami nimemtungia ubeti huu, auandike ndani ya kifuniko:

Fumbo mtegee mtu, akili aitumie,
Usimtegee kitu, njiani kimzuie,
Hino ni hazina yetu, na wa kigari angie,
Sawazisha njia zetu, kasha naye afikie.